Penati ya Mwembeni: shajara ya filamu yetu ya wazee wa Ujiji

Machi, mvua bado inapiga

Skripti imeisha aisee. Nimeiprinti Mwanga, hapa Kigoma mjini, asubuhi nikapanda bajaji mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, karatasi nimezificha ndani ya koti maana mvua ilikuwa haichagui, na kuanzia leo nitakuwa naandika hapa kila tunapopiga hatua ili wale mnaoniuliza filamu imefikia wapi muwe mnasoma wenyewe.

Kwa ambaye hajaisikia hadithi ni hivi. Ujiji, mwaka 1968, watoto wanne na wenzao wanacheza chandimu chini ya miembe kila jioni baada ya shule, mpira wa matambara umefungwa kamba za mgomba, magoli ni mawe mawili huku na mawe mawili kule. Siku hiyo inapigwa penati ya mwisho. Nyundo anapiga, mpira unapita juu ya vidole vya Kipa, nusu ya uwanja inashangilia goli na nusu inapiga kelele "juu! juu!", na si unajua goli la mawe halina mwamba, kwaiyo hamna wa kumwonyesha mwenzake kwamba goli linaishia hapa na hewa inaanzia hapa. Refa, ambaye ndo binti pekee kundini na ndo mtu pekee ambaye wote wanakubali maamuzi yake, anapuliza filimbi, anafungua mdomo aseme, mama yake anamwita nyumbani. Alfajiri ya kesho yake anapelekwa Kasulu kwa shangazi kusoma. Hajasema goli, hajasema juu. Karani, yule mtoto aliyekuwa anaandika matokeo kwenye daftari, anaacha mstari ule wazi.

Afu maisha yanawachukua. Nyundo anaenda Dar, Karani anaingia reli anahamia Tabora, Kipa anabaki na mitumbwi yake hapohapo Ujiji. Filamu inaanza wakiwa wanakaribia miaka 70. Karani anahama nyumba, analikuta lile daftari kwenye sanduku la bati, anaona mstari mtupu, anapanda treni kuja Kigoma. Yani hilo tu. Wazee wanne wanakutana tena ili Refa atoe uamuzi wake wa mwaka 1968.

Ni komedi na nataka iwe komedi kwelikweli, watu washike mbavu. Ila nina sharti moja ambalo silegezi: kicheko kitoke kwao wenyewe, kwenye ule utani wa watu waliojuana toka wakioga ziwani uchi, kisitoke kwenye mgongo uliopinda wala meno yaliyong'oka. Kwenye komedi zetu nyingi mzee akiingia tu basi anajikwaa, hasikii, anababaikia vibinti, imeisha hiyo. Ukikaa na wazee wa kijiwe cha kahawa Ujiji nusu saa tu utaona hawako hivo hata kidogo, wale wanachekeshana kuliko sisi na hakuna anayehitaji kuanguka ndo acheke mwenzake.

Aprili, kutafuta waigizaji

Jamaa yangu mmoja aliyechangia hela za mwanzo alitaka tuchukue vijana tuwapake weupe kichwani. Sababu zake zina maana, kijana anashika mistari haraka, hachoki, ukimwambia rudia anarudia mpaka usiku. Nilimsikiliza vizuri nikakataa. Kijana akiigiza mzee anaigiza uzee, anatetemesha mkono, anakohoa, anakwaruza sauti. Mzee mwenyewe haigizi uzee, yeye kazi yake kubwa ni kuonekana bado yupo imara, anasimama haraka kuliko goti linavyotaka kisa mwenzake anamwangalia, na hapo ndo pana kicheko na ndo pana heshima yake vilevile. Marehemu King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, uzeeni alikuwa anaweza kukaa kimya anamtazama mtu tu na watu wakavunjika mbavu, ile huwezi kumpaka mtu kwa chaki.

Kwaiyo nikaenda kukaa kijiweni. Sikusema kwanza nimefuata nini, nimekunywa kahawa, nimetazama bao linavyochezwa, nimesikiliza nani anamkata nani maneno. Kipa na Nyundo nimewapata hapo, na bahati yetu kubwa ni kwamba hao wawili ni marafiki toka utotoni kabisa, walisoma pamoja, wakapotezana miaka mingi, wakaja kukutana tena ukubwani. Majina yao siweki hapa kwa sababu hawajataka, nitawaita kwa majina ya kwenye filamu, na hata kijiweni sasa hivi wameshaanza kuitwa hivyo. Refa ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alipoingia tu kwenye ile nyumba tuliyokutana, wale wanaume wawili walikaa vizuri kwenye viti vyao bila kuambiwa, nikajua nimempata. Karani alichelewa kupatikana maana nilitaka mtu anayeongea polepole na kwa uhakika, mwisho tukampata mzee aliyewahi kufanya kazi za kuandika mizigo ghalani, ukimuuliza saa ngapi anakujibu na dakika.

Makubaliano tumeyaandika kwenye karatasi na familia zao zimekaa zikasikiliza. Malipo ya siku yanatoka siku hiyohiyo jioni, mkononi. Kila mzee anakuja na mtu wake wa nyumbani, mjukuu au mtoto, na huyo naye analipwa maana ni kazi. Wawili wana presha mmoja ana sukari, kwaiyo chakula kina saa yake na dawa zina saa zake, siku za kliniki hatushuti, na ratiba inapangwa kuzunguka hayo, sio hayo yapangwe kuzunguka ratiba. Wenzangu mnaotaka kufanya kazi na wazee nawaomba muanzie hapa kabla hata hamjawaza kamera.

Mei, vibali

Hii nitaipitia harakaharaka. Filamu Tanzania inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, sheria yake ni ile ya mwaka 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza, unapeleka skripti inasomwa, na filamu ikiisha inarudi kwao kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri kabla hujaionyesha. Tumepeleka. Kwa Afisa Utamaduni wa manispaa tumepita, stesheni tumeandika barua kwa watu wa reli, makumbusho ya Ujiji vilevile. Droni nimeachana nayo, ina vibali vyake vya anga na vya usalama, na hii hadithi haihitaji kuonekana toka juu. Hii ni hadithi ya nyuso.

Mei mwishoni, mazoezi

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo nimejifunza vitu vingi kuliko popote.

Wazee hawashiki mistari. Sio kwamba wamesahau, Kipa anakumbuka kila mtu aliyekuwepo mwembeni na alivaa nini, ila ukimpa sentensi uliyoiandika wewe anaisema kwa sauti ya kusoma risala. Siku ya kwanza tulisoma skripti mezani na ilikuwa ngumu, maneno yamekaa hewani, hamna aliyecheka. Tukapumzika tukanywa chai, na kwenye chai Nyundo akaanza kumwambia Kipa hivi wewe mikono yako toka zamani ilikuwa mifupi hata embe la tawi la chini ulikuwa unaangushiwa, Kipa akamjibu mwenzangu miguu yako ndo ilikuwa haijui inakopeleka mpira, mara tatu umempiga mbuzi wa watu. Nyumba nzima imelala chini. Nikaifunga skripti.

Toka siku hiyo tunafanya hivi: nawaeleza hali, nani anataka nini, nani anaficha nini, sini ianzie wapi na lazima iishie wapi. Katikati wanaongea wenyewe. Skripti bado ipo, ndo inashika hadithi isipotee njia, ila maneno ni yao. Kitu kingine, kila mmoja nampa siri ambayo wenzake hawaijui. Kwa mfano Nyundo nilimwambia peke yake kwamba Kipa atakataa kumsalimia, Kipa nikamwambia peke yake kwamba Nyundo ndo anatakiwa aanze kusalimia. Halafu tunaachia.

Kikamera hii ina gharama yake. Mtu akijitungia maneno hawezi kurudia vilevile, ukitaka kwenda kuchukua uso wa mwenzake baadaye maneno yameshabadilika na mkono ulioshika kikombe umeshahama. Kwaiyo kamera mbili zinaenda kwa wakati mmoja, moja pana inayoshika wote toka kichwani mpaka miguuni, nyingine iko kwa yule anayesikiliza. Narudia, kwa anayesikiliza. Anayeongea tunamsikia, kicheko kiko kwenye uso wa anayeambiwa. Na ile picha pana hatuikati mapema, mzee akimaliza kusema tunaacha kamera iendelee maana mara nyingi jambo lenyewe linakuja pale anapodhani tumeshazima.

Juni, tumeanza kushuti

Mvua imekata na tumeanza. Kuhusu jua niseme neno kwa wanaokuja toka pwani. Kigoma iko magharibi kabisa ila saa tunatumia moja na Dar, kwaiyo mwezi huu Dar saa kumi na mbili na nusu jioni giza limeshaingia wakati huku jua ndo linaanza kuwa tamu, linazama ziwani karibu saa moja. Asubuhi nayo linachelewa. Cameraman wetu katoka Dar na ratiba yake ya mwanga tuliipanga upya yote, na kwa wazee imekuwa neema maana hatuwaamshi alfajiri, tunaanza taratibu wakishakunywa chai na jioni ndefu tunayo. Kitu kingine ni ukungu wa moshi wa kiangazi, milima ya Kongo ng'ambo haionekani kabisa, ziwa linaonekana halina mwisho. Wengine wanalalamika, mi nimeupenda, nyuma ya wazee kunakuwa kweupe na macho yanabaki usoni kwao.

Sauti ndo inatusumbua. Upepo wa mchana toka ziwani unapiga maiki hata ukiivalisha manyoya, boda zinapita, mashine za boti, na adhana Ujiji ni misikiti mingi haianzi yote kwa pamoja. Adhana hatupambani nayo, tunasimama, wazee wenyewe wanaenda kuswali, tukirudi tunaendelea. Sini za kuongea sana tumezihamishia asubuhi kabla upepo haujaamka.

Sini ya shikamoo tumeipata. Kipa na Nyundo wanakutana kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, mbele ya nyumba ya Kipa. Yule kasimama anasubiri aamkiwe. Na huyu kasimama anasubiri aamkiwe. Kila mmoja anaamini yeye ndo mkubwa. Wanaanza kuzunguka, habari za safari, nzuri, habari za Dar, nzuri, za watoto, wazima, na hamna anayesema shikamoo. Mwisho Nyundo anatoa kitambulisho cha taifa mfukoni, Kipa naye anaingia ndani anatoka na cha kwake, wanalinganisha, vyote viwili vimeandikwa tarehe 1 Julai 1956. Hapo wanaanza kubishana nani alizaliwa kabla ya mvua na nani baada ya mvua, mama ya nani alikuja na uji kumwona mama ya nani akiwa kitandani. Na katikati ya ubishi Refa anaingia uwanjani na mkoba wake, wote wawili kwa pamoja "shikamoo mwalimu", yeye "marahaba, kaeni". Lile neno kaeni halikuwepo kwenye maelezo. Katoa mwenyewe, na wao wakakaa kweli, chini kwenye mkeka, wazee wazima. Mtu wa sauti ilibidi aume kola ya shati.

Juni mwishoni, stesheni

Stesheni ya Kigoma kwa ambaye hajafika ni lile jengo la Wajerumani, reli ya kati ilifika Tabora 1912 na hapa 1914, na reli inaishia hapo, mbele yake ni ziwa. Nilitaka Karani afikie hapo na sio kwa basi kwa sababu mtu anayeshuka mwisho wa reli hana pa kuendelea tena, kaja kwa jambo moja.

Treni haikusubiri wewe ufurahi. Inaingia, watu wanashuka na magunia, mabegi, kuku, madumu ya asali ya Tabora, na baada ya muda mfupi jukwaa ni tupu. Tulikuwa na kamera mbili na simu moja nzuri, kila mtu anajua anachukua nini, Karani mwenyewe tulimpandisha stesheni ya nyuma akiwa na mtu wake ili ashuke na abiria wa kweli. Kashuka na lile sanduku la bati, kamwona Kipa, na badala ya kumkumbatia akatazama saa ya mkononi. Kipa anamwambia mmechelewa. Karani, mtu wa reli, hawezi kukubali hata kidogo, anaanza kueleza kwamba treni haijachelewa, treni imefika kwa wakati wake ila ratiba ndo ilitangulia. Wamebishana hilo mpaka nje ya geti, wamekumbatiana wakiwa bado wanabishana. Sikuwaambia wakumbatiane. Tumeiacha hivohivo.

Julai, makumbusho, ziwa, na sini moja niliyoitoa

Ujiji inajulikana duniani kwa watu wawili waliokutana chini ya mwembe, Stanley na Livingstone mwaka 1871, makumbusho ipo, na miembe iliyopo leo husemwa ni vichipukizi vya ule wa zamani. Sasa sini yetu wazee wamekaa kwenye kivuli pale karibu, watalii wanakuja, mmoja anamuuliza Nyundo kwa ishara walisimama wapi. Nyundo anainuka kwa heshima zote anawapeleka, anawaonyesha alama mbili chini, hapa alisimama yeye na pale alisimama mwenzake, umbali ulikuwa huu, anatembea hatua kumi na moja, na huyu alikuwa mkaidi sana hakukubali mpaka leo. Watalii wanapiga picha. Kipa anafika mbio, anawaambia wasimsikilize huyo, mimi ndo niliyesimama pale na ilikuwa juu. Nimeipenda hii kwa sababu kwa wale wazee, mkutano mkubwa wa Ujiji ni wa kwao, na wana haki.

Sini niliyoitoa ni ya hospitali, dirisha la wazee. Kwenye karatasi ilikuwa inachekesha, wanne wamekaa kwenye benchi wanashindana nani ana dawa nyingi. Tulipoifanyia mazoezi nikaona Karani kapooza, anacheka kwa mdomo tu. Mjukuu wake akanieleza pembeni mambo yanayoendelea nyumbani, sitayaandika. Nikaitoa palepale. Badala yake yale mashindano tumeyahamishia kwenye chakula, nani anaruhusiwa kula nini, mbele ya ugali wa muhogo na mgebuka (samaki wa ziwa hili) uliopikwa kwa mawese, Refa anawasimamia kama wapo darasa la tatu na kila mmoja anamchongea mwenzake, huyu kakatazwa chumvi, huyu kakatazwa mafuta. Kicheko ni kilekile, ila sasa wako mezani pamoja wanachungana, na ukitazama vizuri unaona kila mmoja anakumbuka ugonjwa wa mwenzake kuliko wa kwake.

Sini ya usiku tumeshuti pwani Kibirizi. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika maana taa zao hazivuti samaki, kwaiyo kama unataka zile taa zimejipanga majini ni lazima ufuate mwezi. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia taa za sola. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, hata taa hizo zisingekuwepo, hilo nalo la kuangalia kabla hujapanga. Wazee hatukuwaingiza majini usiku. Wamekaa kwenye mtumbwi uliovutwa mchangani, na maji yalivyopanda miaka hii ya karibuni ufukwe umebaki mwembamba, taa ziko nyuma yao karibu kabisa. Hapo ndo wanaulizana nani katika lile kundi la mwembeni bado yupo hai. Sini imekuwa ndefu na haina kichekesho mpaka katikati, Kipa anapotaja jina la mmoja na kusema huyo alifariki akiwa na deni langu la gololi. Wamecheka mpaka Nyundo kafuta machozi, na sijui yale machozi ya mwisho yalikuwa ya nini.

Julai mwishoni, penati

Tuliiweka ya mwisho makusudi. Tumekata majani, tumeweka mawe, wazee wenyewe ndo wamepima, na fundi katushonea mpira wa matambara kwa kamba za mgomba vilevile. Shida ya hadithi ndo hii: mwamba uko wapi? Refa kasema sheria ya chandimu ilikuwa wazi, mwamba ni pale vidole vya kipa vinapofika akinyoosha mikono. Sasa Kipa wa leo sio wa 1968. Wakamleta mjukuu wake wa miaka 12 asimame badala yake. Nyundo kakataa katakata, anasema huyu mtoto ni mrefu kuliko wewe ulivyokuwa, watoto wa siku hizi wanakula mayai, wewe ulikua kwa muhogo. Kipa anasema mimi nilikuwa naruka. Karani anafungua daftari kuona kama aliandika urefu wa mtu. Dakika nyingi sana za ubishi na zote ni dhahabu, nashindwa nikate wapi.

Uamuzi wa Refa sisemi hapa. Niseme tu kwamba nilikaa naye peke yake siku kadhaa kabla, nikamwambia mwalimu, skripti inasema hivi ila uamuzi ni wako, na hata mimi usiniambie. Wale watatu hawakujua, cameraman hakujua, mi sikujua. Kamera mbili zilikuwa kwa Kipa na Nyundo, zote usoni, na simu pana kwa nyuma. Nyundo akapiga, taratibu, kwa mguu wa kulia, mpira ukaenda ulikoenda. Refa akapuliza filimbi akatembea mpaka katikati ya mawe. Alichosema na alivyokisema ni bora kuliko chochote nilichowahi kuandika, na kile mnachokiona kwenye nyuso za wale wawili ndo mara ya kwanza kabisa wanasikia. Hatukurudia. Watu wa mtaani waliokuja kutazama walivamia uwanja kabla sijasema "cut", na nimewaacha humo kwenye filamu.

Agosti, editi

Niko ndani na mashine. Nakala ziko kwenye diski mbili, moja kwangu moja kwa shangazi yangu kule Gungu, na umeme ukikatika napumzika macho.

Komedi inaishi kwenye ukimya. Edita wangu ni kijana mzuri ana mkono mwepesi, alikata ubishi wa shikamoo ukawa wa haraka, mzee anasema mwingine anajibu, paa paa, ukawa umekufa. Tukarudisha zile pumzi. Mzee akiambiwa neno hajibu palepale, anatazama pembeni, anarekebisha kofia, ndo anajibu. Ukiitoa ile kofia umetoa kicheko. Tumekaa tunabishana sekunde mbili zisizo na maneno muda mrefu kuliko tulivyobishana sini nzima, na mwisho tukapima kwa macho ya Kipa, akishusha macho tu ndo tunakata.

Rasimu ya kwanza tumewaonyesha wazee wenyewe, uani kwa Kipa, ukutani kwa projekta ya kuazima. Walikuja na nusu ya kijiwe. Nilikaa pembeni natazama watu, sio ukuta. Wanacheka mahali tofauti na vijana. Vijana wa timu yangu walikufa kwenye watalii, wazee walicheka kidogo tu hapo, ila kwenye "marahaba, kaeni" mabibi walipiga vigelegele filamu ikabidi isimamishwe. Na kwenye lile deni la gololi uwanja ulinyamaza kwanza, akacheka mmoja, wakafuata wote. Bibi mmoja aliniambia baada ya hapo kwamba amefurahi hakuna mzee aliyedondoka. Nimeliandika kwenye karatasi nimebandika juu ya kompyuta.

Muziki. Kila mtu anataka zile za zamani za redioni, na mi nazipenda, ila zina wenyewe na warithi wao na bila ruhusa ya maandishi siweki hata sekunde tano. Tumepata wapiga gitaa wawili na mtu wa tumba, wanatutungia rumba yetu wenyewe ya mwendo wa pole, gitaa la pili ndo linaongea. Nyundo kaja studio bila kualikwa, kasikiliza, kasema besi iko mbele mno, na kweli ilikuwa mbele mno.

Septemba, tulipo leo

Picha imefungwa, yani hatukati wala kuongeza tena, urefu ni dakika 96. Imebaki rangi, ambayo cameraman anaimalizia Dar, na sauti ambayo ndo nalala nayo na kuamka nayo. Baada ya hapo inaenda Bodi ya Filamu kukaguliwa. Onyesho la kwanza litakuwa Ujiji, jioni, nje, viti vya mbele vya wazee na bure kwao, hilo nimeshawaahidi kijiweni na halibadiliki hata akitokea mtu wa ukumbi mkubwa. Tarehe nitaitaja vibali vikishakuwa mkononi.

Maneno machache ya Kiha ya kwenye sini ya mezani tumeamua kuyaandikia chini, mzee mwenzao wa Kasulu anatusaidia kuyaweka sawa. Karani kaomba nakala ya daftari la kwenye filamu abaki nalo, nimempa. Na Jumamosi naenda kwa Refa na maiki kurekodi tena filimbi, maana ile ya siku ya penati imeingiliwa na honi ya boda katikati, kaniambia nije baada ya alasiri na nisichelewe.